Moses Fleetwood Walker: Mweusi aliyecheza ligi kuu ya besiboli kabla mlango haujafungwa

Kila ifikapo tarehe 15 Aprili, wachezaji wote wa ligi kuu ya besiboli nchini Marekani huingia uwanjani wakiwa na namba moja tu mgongoni: 42. Ndiyo namba aliyoivaa Jackie Robinson siku kama hiyo mwaka 1947, alipoichezea Brooklyn Dodgers na kuvunja mwiko uliokuwa umewazuia Weusi kucheza katika ligi hiyo. Siku hiyo hukumbukwa kuwa ndiyo siku mlango ulipofunguliwa. Wasioambiwa ni wengi kwamba mlango huo uliwahi kuwa wazi, na kwamba kuna mtu aliyeupita kabla haujafungwa.

Mtu huyo ni Moses Fleetwood Walker, ambaye wengi walimwita Fleet kwa kifupi. Tarehe 1 Mei mwaka 1884, miaka 63 kabla ya Robinson, aliingia uwanjani akiwa mchezaji wa kulipwa wa timu ya Toledo katika mojawapo ya ligi kuu za wakati huo. Alisoma chuo kikuu, alivumbua mitambo, alimiliki ukumbi wa maonyesho, alihariri gazeti na aliandika kitabu. Aliwahi pia kushtakiwa kwa mauaji akaachiwa huru, na miaka michache baadaye akafungwa kwa wizi. Hatimaye mtu huyu, aliyesoma na kucheza pamoja na Wazungu kuliko Weusi wengi wa kizazi chake, alifikia kuamini kwamba Marekani haitakuwa kamwe nyumbani kwa watu wake, na kwamba heri wahamie Afrika. Namna alivyofika kwenye imani hiyo ndiyo habari ya maisha yake.

Mtoto wa tabibu kando ya mto Ohio

Walker alizaliwa tarehe 7 Oktoba mwaka 1856 katika mji mdogo wa Mount Pleasant, jimboni Ohio. Ilikuwa miaka mitano kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoukomesha utumwa nchini Marekani. Ohio lilikuwa jimbo huru, na Mount Pleasant ulikuwa mji wa Wakweka, waumini wa Kanisa la Marafiki ambalo leo lina wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Wakweka wa huko waliupinga utumwa, na mji wao ulikuwa kituo kimojawapo cha kuwasitiri watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya kusini.

Akiwa bado mdogo, familia yake ilihamia Steubenville, mji wa viwanda ulio kandokando ya mto Ohio. Ng'ambo ya mto huo ndiko ulikoanza ukanda wa majimbo yaliyoruhusu utumwa. Baba yake alikuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kufanya kazi ya utabibu jimboni Ohio, na baadaye akawa mchungaji wa Kanisa la Methodisti. Mama yake, Caroline, alikuwa mkunga. Kwa hiyo Fleet na mdogo wake Weldy walilelewa katika nyumba iliyothamini elimu na kuheshimika mjini, jambo ambalo familia nyingi za Weusi wakati huo hazikulipata.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 Walker aliingia Chuo cha Oberlin, hukohuko Ohio. Oberlin kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza nchini Marekani kuwapokea wanafunzi Weusi na wanawake bila kuwatenga. Alifanya vizuri katika masomo, lakini kadiri siku zilivyokwenda alionekana uwanjani zaidi kuliko darasani. Mwaka 1881 chuo hicho kiliunda timu ya kwanza ya kushindana na vyuo vingine, na Walker akawa mdakaji wake. Timu hiyo ilipokutana na ile ya Chuo Kikuu cha Michigan, wapinzani walivutiwa naye kiasi cha kumwalika ahamie kwao. Mwaka uliofuata alikuwa Michigan akisomea sheria na kucheza. Mwaka huohuo alimwoa Arabella Taylor, mwanafunzi mwenzake wa Oberlin, na wakajaliwa watoto watatu. Hata hivyo aliondoka vyuo vyote viwili bila shahada, kwa sababu mchezo ulikuwa umeanza kumpatia riziki.

Mikono mitupu nyuma ya mpigaji

Kwa msomaji asiyeifahamu besiboli, yafaa kueleza kazi aliyoifanya. Mrushaji huutupa mpira kwa kasi kumwelekea mpigaji, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa fimbo. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, ambaye kazi yake ni kuudaka kila mpira uliompita mpigaji, kuwazuia wapinzani wasiibe nafasi za mbele, na kumwonyesha mrushaji kwa ishara za vidole aina ya mpira wa kurusha. Mdakaji na mrushaji hufanya kazi kama watu wawili wanaopiga kasia katika mtumbwi mmoja.

Siku hizi mdakaji huvaa glavu nene, kinga ya kifua, kinga za miguu na barakoa ya chuma. Walker alicheza wakati vifaa hivyo vilikuwa bado havijaenea. Mara nyingi alidaka kwa mikono mitupu au akiwa amevaa glavu nyembamba za ngozi ambazo hazikuzuia maumivu. Vidole vya wadakaji wa zama zile vilivunjika, vikaunga vibaya, kisha vikavunjika tena. Ni wachache walioweza kucheza siku mbili mfululizo.

Mbali na maumivu hayo, Walker alikabili jingine ambalo glavu isingelizuia. Mwezi Agosti mwaka 1881 alisafiri hadi Louisville, jimboni Kentucky, pamoja na timu ya kampuni ya cherehani ya White ya mjini Cleveland. Wenyeji wao, timu ya Eclipse, walikataa kucheza iwapo Mweusi angekuwa uwanjani, na Walker akawekwa benchi. Mchezo ulipoanza, mdakaji aliyeshika nafasi yake aliumia mikono na kushindwa kuendelea. Sehemu ya watazamaji, Wazungu wa jimbo lililokuwa na utumwa miaka 16 tu iliyotangulia, walianza kumwita Walker aingie. Aliteremka uwanjani akarusha na kudaka mipira michache kujipasha joto, na watu wakamshangilia. Lakini baadhi ya wachezaji wa Eclipse walianza kutoka uwanjani. Ikabidi mchezaji mwingine wa Cleveland ajitolee kudaka, naye Walker akarudi kuketi.

Tukio hilo linaeleza jambo ambalo historia fupi za mchezo huu hulipita. Kutengwa kwa Weusi hakukutokana na watazamaji wote kukataa kuwaona. Hata Louisville wapo waliomtaka. Kulitokana na wachezaji wachache wenye sauti, na wenye timu ambao hawakutaka kugombana nao.

Msimu wa Toledo

Mwaka 1883 Walker alijiunga na timu ya Toledo, iliyokuwa katika ligi ya daraja la chini. Kabla ya msimu kuanza, klabu moja ilipendekeza katika mkutano wa ligi kwamba Weusi wapigwe marufuku. Hoja hiyo ilijadiliwa na kushindwa. Walker akacheza, na Toledo ikatwaa ubingwa.

Tarehe 10 Agosti mwaka huo, timu maarufu ya Chicago White Stockings ilifika Toledo kwa mchezo wa kirafiki. Nahodha wake, Cap Anson, alikuwa mmoja wa nyota wakubwa wa besiboli. Alitangaza kwamba timu yake haitacheza ikiwa Mweusi atakuwa uwanjani. Siku hiyo Walker alikuwa ameumia mkono na hakupangwa kucheza. Lakini kocha wa Toledo, Charlie Morton, alipoisikia amri ya mgeni, alimpanga makusudi, na Anson akaelezwa kwamba akikataa atakosa mgao wake wa mapato ya mlangoni. Anson alicheza. Chicago ilishinda kwa alama 7 dhidi ya 6, na nahodha wao aliondoka akiapa kwamba jambo hilo halitajirudia.

Msimu uliofuata Toledo ilipandishwa kuingia American Association, mojawapo ya ligi zilizotambuliwa kuwa kuu. Walker akapanda nayo. Mchezo wake wa kwanza, ule wa tarehe 1 Mei mwaka 1884, ulichezwa Louisville dhidi ya Eclipse, katika mji uleule na dhidi ya klabu ileile iliyomkataa miaka mitatu kabla. Safari hii wenyeji walicheza. Haikuwa siku njema kwake: hakufanikiwa kupiga hata mara moja, na alifanya makosa manne.

Kadiri msimu ulivyoendelea, alitulia. Alicheza michezo 42 na kupata wastani wa kupiga wa 0.263, juu ya wastani wa ligi nzima mwaka huo, na huo ni ufanisi mkubwa kwa mdakaji. Mwezi Julai mdogo wake Weldy aliitwa kuziba pengo la majeruhi na kucheza michezo mitano, akawa Mweusi wa pili kujulikana wazi katika ligi kuu.

Mrushaji hodari wa Toledo alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Ireland, aliyeshinda michezo 36 msimu huo. Miaka mingi baadaye Mullane alikiri kwamba Walker ndiye mdakaji bora kuliko wote aliofanya nao kazi. Alikiri pia kwamba hakuwapenda Weusi, na kwa hiyo alizipuuza ishara zote za Walker na kurusha mpira wowote aliotaka. Kwa maneno mengine, kwa msimu mzima Walker alichuchumaa nyuma ya mpigaji, mikono ikiwa haina kinga ya maana, akidaka mipira ya kasi bila kujua upi unakuja, kwa sababu mwenzake wa timu moja hakutaka kupokea ishara kutoka kwa mtu mweusi.

Mwezi Julai mpira ulimvunja ubavu. Mwezi Septemba kocha Morton alipokea barua kutoka Richmond, jimboni Virginia, iliyoonya kwamba watu 75 walikuwa wameapa kumshambulia Walker akithubutu kuvaa jezi katika mji huo. Timu ilipokwenda Richmond, Walker hakuwamo. Majeraha yalikuwa yamekwisha kuukatiza msimu wake. Toledo ilimaliza katika nafasi ya nane na kutoka kwenye ligi, na Walker hakucheza tena ligi kuu.

Kura ya Julai 1887

Hata hivyo hakuacha mchezo. Alicheza Cleveland, kisha Waterbury jimboni Connecticut, na mwaka 1887 akasajiliwa na timu ya Newark, jimboni New Jersey, katika International League, iliyokuwa ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Huko alikutana na George Stovey, mrushaji Mweusi mwenye mkono wa kushoto ambaye wapigaji walimwogopa. Stovey akirusha na Walker akidaka, Newark ilikuwa na jozi ya Weusi watupu katikati ya ligi ya Wazungu. Mwaka huo Weusi kadhaa walicheza katika ligi hiyo, akiwemo Frank Grant wa Buffalo, aliyekuwa miongoni mwa wapigaji bora kabisa.

Wahenga walisema mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Tarehe 14 Julai mwaka 1887 Chicago ya Cap Anson ilicheza mchezo wa kirafiki mjini Newark. Safari hii hakukuwa na kocha wa kumkatalia, na wachezaji hao wawili Weusi hawakucheza. Siku hiyohiyo, mjini Buffalo, wenye timu za International League walipiga kura sita dhidi ya nne kwamba mikataba mipya isitolewe kwa wachezaji Weusi.

Hapakuwa na sheria ya bunge wala hukumu ya mahakama. Ilikuwa kura ya watu kumi katika chumba cha mkutano, kisha makubaliano ya kimyakimya ambayo ligi kuu iliyafuata bila kuyaandika katika kanuni zake. Kwa kuwa hayakuandikwa, yalikuwa magumu kuyapinga. Mchezaji aliyeuliza sababu ya kukosa nafasi aliweza kujibiwa kwamba hakuna kanuni yoyote inayomzuia. Mwaka uliofuata Weldy Walker aliandika barua katika gazeti la michezo la Sporting Life akiwataka wakuu wa ligi nyingine ya Ohio waseme kwa nini walikuwa wamewafungia nje Weusi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kipimo kiwe uwezo na mwenendo wa mtu, si rangi yake.

Kura ya Buffalo ilikataza mikataba mipya, haikuwafukuza mara moja waliokuwamo. Walker alihamia Syracuse, jimboni New York, na kuisaidia timu ya mji huo kutwaa ubingwa mwaka 1888. Mwezi Agosti mwaka 1889 aliachishwa. Baada yake hakuna Mweusi mwingine aliyecheza International League hadi mwaka 1946, Jackie Robinson alipojiunga na timu ya Montreal.

Kisu, jela na hukumu mbili

Walker alibaki Syracuse baada ya mchezo. Tarehe 9 Aprili mwaka 1891 alikabiliana mtaani na kundi la Wazungu. Maneno yalizuka, akapigwa jiwe la kichwa, naye akachomoa kisu na kumchoma mmoja wao, Patrick Murray, aliyefariki kutokana na jeraha hilo. Alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Utetezi wake ulikuwa kwamba alijihami. Baraza la wazee wa mahakama, ambao wote walikuwa Wazungu, lilimwona hana hatia, na waliokuwa katika chumba cha mahakama wakalipuka kwa vifijo.

Hukumu hiyo huwashangaza wanaousoma mwaka 1891 kana kwamba kila kitu kilikwisha kuamuliwa. Katika enzi hiyohiyo Weusi wengi waliuawa na makundi ya watu wenye hasira bila kufikishwa mahakamani, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha ubaguzi katika usafiri wa treni kwa hoja kwamba huduma zilizotengwa zinaweza kuwa sawa. Walakini mjini Syracuse, ambako Walker alijulikana na kupendwa na mashabiki, watu wa kawaida walimsikiliza na kumwamini. Maisha yake yana mambo ya aina hiyo mengi: Wazungu waliomfungia njia, na Wazungu waliomshangilia, mara nyingine katika mji mmoja.

Miaka saba baadaye hukumu ilikuwa tofauti. Walker alikuwa amerejea Steubenville na kufanya kazi ya kuhudumia barua ndani ya treni. Arabella alikuwa amefariki kwa saratani mwaka 1895, akimwachia watoto watatu. Mwaka 1898 alipatikana na hatia ya kuiba fedha kutoka katika barua za rejesta, na akatumikia kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka huohuo alikuwa amemwoa Ednah Mason, naye pia aliyesoma Oberlin. Wasifu wa Walker haukamiliki bila kosa hilo, na wanaotaka kumfanya mtakatifu hulazimika kuliruka.

Ukumbi wa maonyesho mjini Cadiz

Alipotoka gerezani alianza upya akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Pamoja na Weldy aliendesha hoteli mjini Steubenville. Kisha mwaka 1904 yeye na Ednah walichukua ukumbi wa maonyesho katika mji mdogo wa Cadiz, jimboni Ohio, mji alikozaliwa miaka mitatu kabla mwigizaji wa Hollywood Clark Gable. Ukumbi huo ulionyesha tamthilia, muziki, vichekesho na hatimaye sinema, burudani mpya iliyokuwa inaanza kuenea.

Hapo kipaji chake kingine kikapata pa kujitokeza. Tangu ujanani alikuwa hodari wa mambo ya mitambo, na mwaka 1891, mwaka uleule wa kesi ya mauaji, alikuwa amesajili uvumbuzi wa kombora la mizinga. Akiwa Cadiz aligundua shida ya kila mwonyeshaji wa sinema wa wakati huo: filamu zilikuwa katika magurudumu mafupi, na gurudumu moja lilipokwisha watazamaji waliachwa gizani wakingoja jingine lipachikwe. Mwaka 1920 alipata hataza tatu za kuboresha magurudumu hayo, zikiwemo mbinu za kumwarifu mwendesha mitambo mapema kwamba filamu inakaribia kwisha.

Gazeti lililoitwa Ikweta

Mfanyabiashara huyu aliyeishi vizuri na majirani wake Wazungu, na ambaye wateja walilipa kuingia katika ukumbi wake, alikuwa wakati huohuo akifikia hitimisho kali. Mwanzoni mwa karne ya 20 yeye na Weldy walihariri gazeti la Weusi liitwalo The Equator, yaani Ikweta. Hakuna nakala yake inayojulikana kubaki hadi leo, lakini jina lake peke yake laonyesha wahariri wake walikuwa wameelekeza macho wapi.

Mwaka 1908 Walker alichapisha kitabu chembamba mjini Steubenville, chenye jina Our Home Colony, yaani Koloni Letu la Nyumbani. Ndani yake alipitia historia ya Weusi nchini Marekani tangu utumwa na kueleza kwamba tatizo la rangi halitatuliwi kwa subira, elimu wala tabia njema. Hitimisho lake lilikuwa kwamba watu weupe na weusi hawataishi kwa usawa nchini humo, na kwamba njia pekee ya kudumu ni Weusi kuhamia Afrika. Kitabu hakikuwasemea Weusi mema tu. Kiliwahukumu vikali pia, kwa kuamini kwamba utumwa ulikuwa umewaharibu roho.

Hakuwa peke yake katika wazo la kuhama. Askofu Henry McNeal Turner alikuwa amelihubiri kwa miaka mingi, na Marcus Garvey angelifanya vuguvugu la halaiki muongo mmoja baadaye. Nao mwaka huohuo wa 1908 ulitoa ushahidi wa kumuunga mkono Walker: mwezi Agosti makundi ya Wazungu yaliwashambulia Weusi na kuchoma nyumba zao mjini Springfield, Illinois, mji alikoishi Rais Abraham Lincoln.

Hata hivyo bara alilolitaja kuwa kimbilio halikuwa tupu wala huru. Wiki chache tu baada ya msimu wa Toledo kwisha, wawakilishi wa mataifa ya Ulaya walikuwa wamekutana Berlin kuweka kanuni za kuligawana. Kitabu chake kilipotoka, vita vya Maji Maji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja kabla, na mwezi Novemba Kongo ilitoka mikononi mwa Mfalme Leopold na kuwa koloni la dola ya Ubelgiji. Liberia na Ethiopia zilikuwa miongoni mwa nchi chache sana zilizobaki zikijitawala, na hata Liberia wenyeji walitawaliwa na wazao wa waliohamia kutoka Marekani. Walker aliitazama Afrika kama mtu aliyechoka kufukuzwa anavyoutazama mlango ambao hajawahi kuubisha. Yeye mwenyewe hakuhama.

Nani alikuwa wa kwanza?

Ednah alifariki mwaka 1920, na miaka miwili baadaye Walker aliuza ukumbi wa Cadiz. Alimalizia siku zake Cleveland akiwa karani katika ukumbi wa mchezo wa biliadi. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 11 Mei mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 67, na akazikwa Steubenville kando ya Arabella. Kwa miongo kadhaa kaburi lake halikuwa na alama yoyote. Jiwe liliwekwa miaka ya mwanzo ya 1990 na chama cha wanamichezo kinachohusiana na Chuo cha Oberlin, na baadaye jimbo la Ohio liliitenga tarehe 7 Oktoba, siku aliyozaliwa, kuwa siku ya kumkumbuka. Cap Anson yumo katika Jumba la Wachezaji Mashuhuri la Cooperstown tangu mwaka 1939. Walker hayumo.

Watafiti wamegundua kwamba huenda hata nafasi ya kwanza si yake. Mwaka 1879 kijana aliyeitwa William Edward White aliichezea timu ya Providence mchezo mmoja. Mama yake alikuwa mtumwa jimboni Georgia na baba yake Mzungu aliyemmiliki, lakini White aliishi akijulikana kuwa Mzungu, na yaelekea hakuna aliyemshuku uwanjani. Tofauti kati ya wawili hao ni kubwa kuliko miaka mitano inayowatenganisha. White aliingia kwa sababu hawakujua. Walker aliingia wakijua, na hilo ndilo lililomgharimu.

Kwa hiyo habari ya mwaka 1947 inabadilika ikisimuliwa pamoja na ile ya 1884. Robinson hakuufungua mlango ambao haukuwahi kufunguliwa, kana kwamba watu wa kale hawakujua tu na wa baadaye wakaelimika. Wa kale walijua, walimwona Walker akicheza, wengine walimshangilia, kisha wachache wakapiga kura na waliobaki wakanyamaza. Mtoto Mweusi aliyezaliwa mwezi ule Walker alipoachishwa Syracuse alikuwa na zaidi ya miaka 56 siku Robinson alipocheza mchezo wake wa kwanza kwa Montreal. Kama mtoto huyo alikuwa na mkono mzuri wa kurusha mpira, ligi hiyo haikuuona, kwa sababu maisha yake yote ya uchezaji yaliingia katikati ya miaka hiyo.